Maneno ni ya Bergman, lakini sauti ni ya nani?

JE, mtu anapojieleza kwa maneno yake mwenyewe lakini yakasomwa na mwingine, bado ni yeye anayesema?

Swali hili liliulizwa na mwanafunzi wangu mmoja baada ya kutazama darasani filamu ya hali halisi ‘Ingrid Bergman: In Her Own Words’. Nilimjibu kwa haraka, kama tufanyavyo walimu tukibanwa. Nilipoitazama tena nyumbani, niligundua kuwa jibu langu halikutosha. Wiki hii nataka kulirudia swali hilo.

Filamu yenyewe iliongozwa na Stig Björkman wa Uswidi na kutolewa mwaka wa 2015, karne moja tangu Bergman azaliwe jijini Stockholm. Wengi wa rika langu wanamjua kupitia ‘Casablanca’ ya 1942. Alishinda tuzo tatu za Oscar na kuigiza kwa Kiswidi, Kijerumani, Kiingereza, Kiitaliano na Kifaransa. Kwa mwanaisimu, maisha haya ni darasa tosha la wingilugha.

Hebu tuanze na anwani. Kwa Kiswidi, filamu inaitwa ‘Jag är Ingrid’, yaani ‘Mimi ni Ingrid’. Anwani ya Kiingereza inaahidi maneno, ya Kiswidi inaahidi nafsi. Ahadi hizi mbili si sawa, na filamu inatimiza ya kwanza kuliko ya pili.

Nguvu yake kubwa imo katika hifadhi. Bergman alifiwa na mama akiwa mdogo mno, kisha baba yake, aliyekuwa mpigapicha, akafariki binti akiwa na umri wa miaka 13. Labda ndiyo maana hakutupa kitu. Alitunza shajara, barua, picha na filamu alizojipigia nyumbani. Björkman anazipanga bila papara, huku mwigizaji Alicia Vikander akisoma shajara na barua kwa Kiswidi.

Uamuzi wa kutumia Kiswidi ni wa busara. Ulimwengu ulimzoea Bergman kwa Kiingereza chenye lafudhi. Hapa tunampata katika lugha aliyoliliamo wazazi wake, naye anakuwa mcheshi, mwenye haraka na asiyeomba radhi. Hata mimi niliyetegemea tafsiri zilizoandikwa chini ya picha nilihisi tofauti hiyo.

Uzito wa jambo hili unaonekana tunapofika 1949. Mwaka huo Bergman alikwenda Italia kufanya kazi na mwongozaji Roberto Rossellini, wakapendana, ilhali kila mmoja alikuwa na ndoa yake. Alikuwa amemwandikia Rossellini barua ya kuomba kazi akitaja lugha alizozijua na kutania kwamba Kiitaliano chake kiliishia kwenye maneno mawili tu ya kumwambia mtu kuwa unampenda. Machi 1950, Seneta Edwin Johnson wa Colorado alisimama katika Seneti ya Marekani na kumshutumu hadharani. Bintiye wa kwanza, Pia, alibaki Marekani na baba yake, na ikapita miaka kadhaa bila ya mama na mtoto kuonana.

Basi tazama: mwanamke aliyehukumiwa kwa lugha ya wengine anapewa nafasi ya kujibu kwa lugha yake. Hilo pekee linatosha kuipa filamu hii heshima.

Hata hivyo, nina malalamiko mawili. La kwanza linarejelea swali la mwanafunzi wangu. Sauti halisi ya Bergman imo, katika mahojiano ya zamani, lakini pale anasema kwa tahadhari ya mtu anayejua kuwa anarekodiwa. Maneno ya siri yamewekwa katika kinywa cha Vikander, msichana mwenye sauti changa. Matokeo yake ni kwamba Bergman hazeeki masikioni mwetu. Aidha, aliyependekeza filamu itengenezwe ni bintiye Isabella Rossellini, na watoto wote wanne wanazungumza kwa mapenzi. Wanakiri kuwa walimkosa sana mama yao, lakini hatusikii kabisa mtu aliye nje ya ukoo akiwauliza swali gumu. Maneno ni yake, ila uteuzi si wake.

La pili ni la mwalimu wa lugha. Filamu inatuonyesha barua kwa Ruth Roberts, mkufunzi aliyemsaidia kunoa Kiingereza Hollywood na kuwa rafiki yake wa kudumu. Mbona basi hatuambiwi walivyofanya kazi? Mtu haamki asubuhi akaigiza kwa lugha tano. Jasho hilo limefichwa nyuma ya mapenzi na safari, kana kwamba umilisi wa lugha ni kipaji tu.

Pengo hili linauma zaidi tukifika ‘Autumn Sonata’ ya 1978, filamu yake ya mwisho ya sinema, iliyoongozwa na Ingmar Bergman, ambaye hawakuwa na undugu naye. Tayari akiugua saratani, anarejea kwenye Kiswidi kuigiza mpigapiano maarufu anayelaumiwa na bintiye kwa kumtelekeza. Hapo ndipo maisha, kazi na lugha ya kwanza vilikutana. Palistahili kutuliwa, Björkman anapapita mbio.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Ndiyo, ni Bergman anayesema, lakini kupitia waliobaki. Alifariki mwaka wa 1982, siku ile ile ya kuzaliwa kwake, na hakuwa na uwezo wa kumsahihisha yeyote. Alichokuwa nacho ni maandishi. Bila ya shajara zile, hotuba ya seneta ingebaki bila mjibizaji.

Ndiyo maana nimewapa wanafunzi wangu zoezi jipya: kila mmoja aandike shajara kwa muhula mzima, kwa lugha anayoiotea ndoto. Sitaisahihisha wala kuisoma. Waihifadhi tu.