Fei Toto na barua iliyotakiwa kutangulia

Desemba 2022, dirisha dogo likiwa wazi, shilingi milioni 112 ziliingizwa kwenye akaunti ya klabu ya Yanga. Milioni 100 zilikuwa za kuvunja mkataba, milioni 12 ni mishahara ya miezi mitatu. Zilitoka kwa mchezaji mwenyewe, Feisal Salum, Fei Toto, kiungo Mzanzibari aliyetua klabuni hapo mwaka 2018. Akaaga mashabiki mtandaoni, akaondoka. Yanga wakazikataa zile fedha, wakasema kijana ana mkataba mpaka Mei 2024 na mkataba hauvunjwi hivyo.

Vijiweni kesi hii ilijadiliwa kwa swali moja tu: nani kamrubuni? Wengi walishapata jibu kabla hata ya kuuliza. Mimi naona swali la maana zaidi ni jingine: kanuni inayozuia kurubuni inafanya kazi vipi, na kwa nini katika sakata lote lile haikupata nafasi ya kufanya kazi?

Kanuni yenyewe ni fupi. Iko kwenye Ibara ya 18 ya kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba lazima iiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo naye. Na mchezaji yuko huru kusaini kwingine pale tu mkataba wake unapokwisha, au ukibakiza miezi sita kwisha. Tena FIFA imeiweka ibara hii kwenye kundi la zile ambazo kila shirikisho la nchi, TFF ikiwemo, linatakiwa kuziingiza kwenye kanuni zake bila kubadili kitu.

Sasa piga hesabu. Mkataba unaisha Mei 2024. Miezi sita nyuma yake ni mwishoni mwa Novemba 2023. Kuanzia siku hiyo Fei angeweza kukaa na klabu yoyote na kusaini mkataba wa msimu unaofuata, na Yanga wasingekuwa na neno. Desemba 2022 ilikuwa mapema kwa karibu mwaka mzima. Kabla ya hapo njia ilikuwa moja: klabu iwaandikie Yanga barua, Yanga wataje bei.

Hapo ndipo zile milioni 112 zinapoeleweka. Mchezaji akilipa mwenyewe na malipo yakakubaliwa, anatoka akiwa huru, na mchezaji huru haombewi ruhusa. Barua haihitajiki tena. Sisemi kulikuwa na klabu nyuma ya fedha zile. Hakuna chombo kilichotoa hukumu hiyo, na mchezaji ana haki ya kutafuta mlango wake mwenyewe. Ninachosema ni kwamba njia ile, aitumie yeyote, inaizunguka Ibara ya 18 kwa nyuma.

Njia hiyo si ya kubuniwa Dar es Salaam. Agosti 2017 mawakili wa Neymar walipeleka euro milioni 222 Barcelona, akatoka kwenda Paris. Lakini Hispania ina sheria ya tangu mwaka 1985 inayompa mwanamichezo haki ya kuvunja mkataba kwa kulipa, na mkataba wa Neymar ulikuwa na bei yake iliyotajwa. Huku kwetu hakuna sheria ya namna hiyo inayomfungulia mchezaji mlango. Mlango uwe umeandikwa kwenye mkataba wenyewe: kiasi gani, nani analipa, lini, na kama klabu inalazimika kupokea. Pasipo maneno hayo, fedha zilizoingizwa benki ni ombi tu.

Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ilikaa Januari 2023 ikaamua Fei bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba mapitio, Machi akaambiwa lile lile. Mei akaomba Watanzania wamchangie aende Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Katika hatua zote hizo kilichopimwa ni mkataba: upo au haupo, umevunjika au haujavunjika. Suala la nani alizungumza na nani, lini na kwa ruhusa ya nani, halikuwa mezani.

Haliwi mezani kwa sababu mambo hayo hayafanyiki ofisini. Jumapili moja nilikuwa uwanja wa Bandari kule Temeke kuangalia ndondo, mechi za mtaani. Mechi ilipokwisha, winga mmoja wa timu ya ligi, ambaye kwa mkataba wake hakutakiwa hata kuwepo pale, alikuwa amekaa juu ya ndoo ya maji akivua viatu. Akamjia mtu mzima mwenye kofia, akachuchumaa pembeni yake kama anayemsaidia kufungua kamba.

“Dogo, unajua mpira. Pale wanakupa ngapi?”

“Tunaenda hivyo hivyo, braza.”

“Haya, nipe namba. Hii nauli.”

Noti mbili za elfu kumi, zimekunjwa mpaka zikawa ndogo kama kiberiti. Haukutajwa mkataba wala jina la klabu. Dogo akaondoka anasema kuna braza kamsaidia nauli. Kwa maandishi ya Ibara ya 18 mazungumzo bado hayajaanza; kwa hali halisi yameshaanza, maana simu ya Jumatano itapokelewa.

Jiografia ya jiji nayo inasaidia. Simba wana uwanja wao wa mazoezi Bunju, mwisho kabisa wa Kinondoni. Azam wako Chamazi, pembezoni mwa Temeke. Yanga wameweka kambi Kigamboni. Katikati ya kambi hizo tatu kuna jiji zima ambalo wachezaji wanaishi, wananyoa, wanacheza ndondo na kula chipsi usiku. Hakuna klabu inayoweza kulinda yote hayo kwa geti la kambi.

Ndiyo maana kesi za kurubuni zinazofika mwisho ni chache hata kwa wenzetu. Chelsea walitiwa hatiani mwaka 2005 kwa sababu kikao chao na Ashley Cole wa Arsenal kilifanyika hotelini London na habari zikafika gazetini. Klabu ilipigwa faini ya pauni 300,000, na Cole mwenyewe akalipishwa. Na ushahidi umezidi kuwa mzigo. Zamani kanuni za FIFA ziliidhania klabu mpya kuwa ndiyo iliyomshawishi mchezaji avunje mkataba, na ilibidi ijisafishe yenyewe. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatoa hukumu katika kesi ya Lassana Diarra, na FIFA ikabadili: sasa anayelalamika ndiye anayethibitisha.

Kwa hiyo klabu ya Dar es Salaam isitegemee kumkamata mwenye kofia. Itegemee karatasi. Yanga walishafundishwa hilo Agosti 2020, pale Simba walipomtangaza Bernard Morrison huku shauri la mkataba wake likiwa bado kwenye kamati hiyo hiyo ya TFF. Yanga walisema wana mkataba wa miaka miwili. Kamati ikaona mkataba una kasoro, Morrison akaenda zake, na walipofika CAS hawakupata kitu. Kwa Fei karatasi ilikuwa nzima, ikamshika.

Ila karatasi nzima haimfanyi mtu aridhike. Gawanya zile milioni 12 kwa miezi mitatu: mshahara wa milioni 4 kwa mwezi kwa mmoja wa viungo bora nchini, huku chumba cha kubadilishia nguo kikiwa na watu wanaolipwa mara kadhaa ya hapo. Nalisema kwa uchungu kwa sababu lingeepukika. Ukimwacha mchezaji wa aina hiyo na mkataba wa zamani, mwenye nauli hana haja ya kusema mengi. Anauliza tu, pale wanakupa ngapi?

Juni 5, 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaandalia Yanga chakula Ikulu, baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akawaomba viongozi walimalize suala la Fei. Siku tatu baadaye Yanga wakatangaza wamemuuza Azam. Klabu mbili zilikaa mezani, zikakubaliana bei, zikasaini. Utaratibu ule ule ambao Ibara ya 18 inautaka uwe hatua ya kwanza. Msimu uliofuata Fei alifunga mabao 19 ya ligi pale Chamazi, mawili nyuma ya Aziz Ki wa Yanga. Kati ya Desemba na Juni, akiwa na miaka 24 kisha 25, hakuvaa jezi ya klabu yoyote.