Tanakali Moja katika Kifo cha Gwen Stacy

Katika toleo la 121 la hadithi za picha za The Amazing Spider-Man (1973), lililotungwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane, Gwen Stacy anaangushwa kutoka darajani; utando wa shujaa unamnasa mguuni. Asomaye mara ya kwanza humlaani Green Goblin, adaiye kwamba anguko lenyewe limemuua. Warudiao kusoma pamoja huonyeshana tanakali ndogo kando ya shingo: mlio wa kitu kivunjikacho. Je, mwokozi ndiye muuaji? Katika barua za toleo la 125 wahariri walikiri kuwa kusimamishwa ghafla ndiko kulikomuua. Ungamo hilo lilikuwa la ziada. Tanakali ilikwisha kushuhudia, naye Spider-Man, akijisifu huku akimvuta juu, hakuisikia.