Shaaban Robert kwa Mdogo Wake: Tahakiki ya Barua za 1931–1958

Wanafunzi wetu wengi humkuta Shaaban Robert kwanza katika Kusadikika, kisha katika tenzi, na humkuta amekwisha kuwa sanamu: shaha wa washairi, mwalimu wa maadili, mtu asiyekosea. Kwa sababu hiyo ningependa kila mwalimu wa fasihi hapa Uganda atafute Barua za Shaaban Robert 1931–1958, kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 2002, kabla taasisi hiyo haijaingizwa katika TATAKI mwaka 2009. Ni barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge.

Yusuf hakuwa msomaji wa hivi hivi. Naye alitunga, Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine ni kazi yake. Basi kaka anamwandikia ndugu wa damu ambaye pia ni mwenzake wa kalamu, na hilo linaonekana: hajieleziezi. Tunamfuata karani wa forodha wa Pangani, anahamishwa Mpwapwa, anarudi Tanga, na njiani ni habari za jamaa, kazi, afya, fedha na vitabu, kama zilivyo barua za ndugu yeyote aliye mbali.

Thamani yake huonekana zaidi zikisomwa pamoja na Maisha Yangu. Humo mwandishi amechagua la kusema na la kunyamazia, tena akaweka tenzi za kuwausia wanawe. Ni maisha yaliyokwisha kupangwa. Barua haijui kesho yake. Anayeishika kalamu mwaka 1931 hajui kwamba Kusadikika kitatoka 1951, wala kwamba jina lake litaitwa mashuleni. Mimi naona mwanafunzi aliyesoma vitabu hivi viwili sambamba hatasema tena kwa wepesi kwamba tawasifu ni "ukweli wa maisha ya mwandishi", sentensi tunayoikuta kila mwaka katika karatasi za mitihani.

Kwa mwalimu wa lugha kuna jambo jingine. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Barua za mwanzo, basi, ziliandikwa usanifishaji ukiwa bado mchanga, na mwandishi wake ni mtu wa Tanga, si wa Unguja ambako lahaja ya msingi ilichukuliwa. Msomaji atakayezijia na kalamu nyekundu amepotea njia. Na sisi tunaofundisha "barua ya kirafiki" kwa anwani, tarehe, mwanzo, kiini na hitimisho, tukadhani tumemaliza, tutaona aibu kidogo. Mifupa ile ipo, lakini salamu za Waswahili zina kazi: ndizo zinazoonyesha nani mkubwa, nani mdogo, na kama moyo umetulia.

Wapo wanaouliza kama ni haki kusoma ya siri ya marehemu. Swali si la kupuuza. Hakuna aliyemwomba ruhusa mwenyewe, aliyefariki Juni 1962. Hata hivyo kinachonitia wasiwasi zaidi ni usomaji wa kipelelezi, yaani kuzipekua barua ili kujua mfalme wa Kusadikika ni gavana gani. Mtumishi wa serikali ya kikoloni alikuwa na sababu ya kuficha maana katika istiara, na istiara ile inasimama kwa miguu yake. Atakayeigeuza kuwa fumbo la majina atakuwa ameipunguza.

Kasoro niionayo ni ya asili ya mkusanyiko wenyewe: tunamsikia mmoja tu. Tena zinakoma 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, pale ambapo mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Uhuru angekuwa na mengi ya kumwambia nduguye. Darasani kasoro hiyo yaweza kuwa zoezi: wape wanafunzi barua moja, kisha waandike jibu la Yusuf, kwa heshima ambayo mdogo humpa kaka yake.