Jifya la Tatu Haliko Kwenye Skrini

Mkutano mkuu wa sacco mjini Nyeri hauanzi kabla ya kuthibitishwa kwamba akidi imetimia. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala klasta ya seva zinazotunza akaunti za wanachama, lakini anayeiunda kwa kubofya skrini anaweza kumaliza kazi bila kukutana nayo. Chukua Proxmox, programu huria inayotengenezwa Vienna, Austria. Fundi anafungua kivinjari, anaunda klasta kwenye seva ya kwanza, ananakili maelezo ya kujiunga, anayabandika kwenye ya pili, anaweka nywila, na muda si muda zote mbili zina alama ya kijani. Sacco ndogo hununua seva mbili kwa imani kwamba moja ikilala, nyingine itashika kazi. Zikiachwa hapo, mbili hizo ni hatari kuliko moja. Kila seva ina kura moja, na klasta hudai zaidi ya nusu ya kura. Zaidi ya nusu ya mbili ni mbili. Moja ikiungua, iliyobaki haina akidi. Kama ilikuwa ikiendesha mashine pepe zilizowekewa ulinzi wa kuhamishwa zenyewe, hujizima na kuwaka upya baada ya kama dakika moja, kisha haiwashi chochote. Awali kilichoweza kusimamisha huduma ni kifaa kimoja. Sasa ni viwili.

Kuna watakaosema iliyobaki ilazimishwe kuendelea peke yake. Tatizo ni kwamba seva haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au ni kebo tu iliyochomoka. Kebo ikichomoka na kila moja ikaendelea, tawi la Karatina litaandika kwenye daftari moja na la Othaya kwenye jingine, na mkulima mwenye shilingi 20,000 za kahawa ataweza kuzitoa mara mbili siku hiyo hiyo. Akidi ipo kuzuia hilo, na kuiondoa ni kuondoa ulinzi wenyewe.

Jifya moja haliinjiki chungu, na mawili pia hayainjiki. La tatu si lazima liwe seva ghali: kompyuta ndogo inayopiga kura tu inatosha. Ila kura hiyo huongezwa kwa kuandika amri, pvecm qdevice setup, si kwa kubofya. Skrini si adui: nakala za data ambazo kwa kawaida hupelekwa seva ya pili kila dakika 15 unaweza kuzifanya za kila dakika moja papo hapo, na siku ya malipo ya kahawa dakika 14 hizo ni miamala mingi. Lakini haikuulizi kura ya tatu itakaa wapi. Seva zenyewe zinataka kuwasiliana ndani ya milisekunde 5, kwa hiyo zikae jengo moja. Mpiga kura huvumilia ucheleweshaji, na anaweza kukaa Karatina. Ukimchomeka kwenye soketi moja na seva ya kwanza, stima ikikatika hapo kura mbili zinaondoka pamoja. Sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani tarehe 25 Agosti 2023, jenereta ya sehemu ya uwanja wa ndege wa JKIA haikuwaka. Kinga haiaminiki hadi ijaribiwe, kwa hiyo fundi achomoe seva moja jioni tulivu, matawi yakiwa yamefungwa, ahesabu dakika hadi mashine ziwake upande wa pili, kisha aichomeke tena, azirudishe mashine huko na kuchomoa ile nyingine.