Dopesick: inafundisha vizuri, ila isikutie woga wa mofini

Kama unasoma uuguzi na hujaitazama Dopesick (2021), itafute. Ni vipindi 8 tu. Ila itazame na daftari mkononi, maana kuna mahali inaweza kukupoteza.

Tuanze na mazuri. Michael Keaton anaigiza Dkt. Finnix, daktari wa mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe huko Virginia, Marekani. Anawaandikia wagonjwa OxyContin, dawa iliyoingia sokoni 1996 kwa ahadi ya kutuliza maumivu kwa saa 12. Maumivu yakirudi kabla ya muda? Afisa mauzo ana jibu: ongeza dozi. Hapo tamthilia inazidi slaidi nyingi za darasani. Unaona dozi ya jana haitoshi leo, kwa sababu vipokezi vya dawa kwenye ubongo na uti wa mgongo vimeizoea. Dawa ikikatika unaiona arosto yenyewe: jasho, miayo, makamasi, tumbo kusokota, kuharisha, usingizi hakuna.

Sasa tatizo. Mambo matatu yamefungwa fungu moja, mpaka unadhani ni kitu kimoja. Mwili kuzoea dawa si uraibu. Arosto peke yake si uraibu. Mgonjwa wa saratani aliyetumia mofini kwa miezi anaweza kupata yote mawili, ndiyo maana hakatishwi ghafla, anapunguziwa kidogo kidogo. Uraibu ni pale mtu anaposhindwa kujizuia, anaisaka dawa hata kama inambomolea maisha.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Kwa sababu Marekani walimwagiwa vidonge, lakini huku kwetu wagonjwa wengi wanaohitaji mofini hawaipati kabisa. Uganda waliliona hilo mapema, wakawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini ya maji. Sasa fikiria muuguzi aliyebeba woga wa tamthilia tu. Mgonjwa akiomba aongezewe dozi, atasema moyoni "huyu kashakuwa teja", na mgonjwa atakesha akigugumia.

Woga una mahali pake. Mtu aliyeacha dawa kwa wiki kadhaa akirudia dozi yake ya zamani, pumzi inaweza kusimama, kwa kuwa mwili haujaizoea tena. Hilo liogope, na umfundishe mgonjwa wako. Lakini anayelia kitandani, muulize kwanza anaumwa wapi.