Gofu, Jiwe na Jina: Piranesi na Tongoni ya Kasongo

Miongoni mwa picha za Giovanni Battista Piranesi (1720–1778) ziitwazo Vedute di Roma, imo ya Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe. Hapo ndipo palipokuwa kitovu cha Roma ya kale. Nguzo na matao yamezama nusu udongoni, na binadamu wamechorwa wadogo mno kando yake. Chini ya picha msanii ametaja majina ya magofu. Fani yake, basi, inafanya mambo mawili: inakuza jiwe na inahifadhi jina.

Je, fani hiyo yafaa kutazamia magofu yetu? Tuchukue Kasongo, mji unaojulikana vema kwa wasomaji wa Salamabila na Kabambare. Makao hayo ya Tippu Tip yalitekwa na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, alisimulia katika kitabu chake cha 1897 vitanda vya nakshi na magodoro ya hariri. Hilo ni jicho la mtekaji: lahesabu mali.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate kwa jicho jingine. Piranesi anastaajabisha; Sayyid Abdalla anauonya moyo wake. Hata hivyo, wote wawili wanaanzia kwenye fahari ya wenye majumba. Kwa Kasongo, mwanzo huo hautoshi, kwani utajiri wake ulitokana na pembe za ndovu na watumwa. Kuyakuza majumba hapo ni kuwapunguza mateka, kama Piranesi alivyowapunguza wachungaji wake.

Kwa maoni yetu, jibu limo katika lugha yenyewe. Mahali pa mji wa kale huitwa Tongoni. Tongo ni mahame. Kiambishi -ni chaonyesha mahali. Jina hilo halikuzi jiwe wala halimsifu bwana. Lasema tu kwamba watu waliishi hapa, wakahama, na waliobaki wangali wakipataja kwa Kiswahili, lugha iliyofika na misafara ile ile. Mhakiki wa magofu ya Maniema na aanzie kwenye majina, ambamo mtumwa na bwana wana nafasi sawa, majumba yatafuata.