Pongezi kwa Wanaodurusu Pamoja Masama

Aghalabu jua likishazama nyuma ya migomba ya Masama, vijana wa sekondari hukusanyika barazani kwa mmoja wao, wakadurusu maswali ya fizikia na hisabati ya mitihani ya miaka iliyopita, ajuaye akimfahamisha asiyejua bila ya ujira wala kibri. Nami nasema kwa dhati ya moyo kwamba wanastahiki shukrani zetu. Jioni moja kijana alishikilia kwamba jiwe lililorushwa juu, lifikapo kikomo chake, mchapuko wake huwa sifuri; binti mmoja, badala ya kumcheka, akarusha parachichi bichi, akalidaka, akamwuliza, “Kama pale juu halivutwi, ni nini kilicholirudisha?” Kijana akanyamaza, kisha akaifuta sifuri yake, akaandika 10 kwa chaki juu ya mlango wa bati.

Si kila mwanafunzi aliyepata wenzi kama hao: Erasto Mpemba, alipokuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba mwaka 1963, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, na wenziwe walimcheka; mwaka 1969 ikatoka makala aliyoandika juu ya jambo hilo pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Lakini barazani kule Masama hakuna swali linalochekwa. Taa ya sola ikififia ndipo huagana.